Sindano Niliyomkataza

Daktari Nuriat alinipaka mafuta baridi pajani, akapitisha mashine ya picha juu ya uvimbe. "Ganzi imeshika, mama. Usitikisike."

Kwenye kioo cha mashine niliuona uvimbe, mweusi kama buni iliyoanikwa. Mstari mweupe wa sindano ukauingia taratibu. Nikabana tasbihi, nikingoja maumivu.

Mwaka juzi, nyumbani Muleba, mume wangu alitakiwa kupimwa uvimbe wa mguu kwa sindano kama hii. Nikamkataza. Uvimbe ukiguswa na chuma huamka, nilimwambia. Alinisikiliza hadi kaburini.

Daktari alitoa kinyama chembamba kama uzi, akakitia kichupani kipelekwe kupimwa.

"Tayari, mama. Inuka polepole."

Sikuinuka. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu. Mbona unalia? Imeuma?"

"Haikuuma," nikasema.