Bwana Machano Afukuzwa Tena

Zama hizo kamera za kila ofisi zilikuwa wazi kwa umma, na watazamaji walitumia picha zake kuwageuza wafanyakazi kuwa vichekesho vya simu. Bwana Machano, karani wa masjala, katika vichekesho hivyo walimfukuza kazi kila wiki. Pacha wake wa simuni hurudi nyumbani na boksi, akajikwaa kizingitini.

Ijumaa moja Machano alifukuzwa kweli. Akaingia kwake na boksi mikononi.

"Mama Zuhura, wameniachisha kazi."

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta. "Leo umemwigiza barabara! Ila mwenzio wa simuni hujikwaa, baba."

"Nasema kweli, mke wangu."

"Naye husema hivyohivyo."

Machano alimtazama. Miaka mingi hakuwa amemchekesha hivyo. Akatoka nje, akalikumbatia boksi, akarudi na kujikwaa.