Kabla Shemeji Hawajafika

Easter alimwonyesha mnunuzi ubovu wote wa gari kabla hajaulizwa. Sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu. Breki ya mkono haishiki mlimani. Gia ya pili hukwama asubuhi mpaka injini ipate moto.

"Mama," mnunuzi alisema akicheka, "kwani unauza au unanifukuza?"

Alikuwa Mwalimu Randu, mstaafu wa Marafa, mtu wa shati lililonyooka kwa pasi na maswali mengi. Alitaka gari la kuwapeleka watalii kulitazama korongo la kwao. Mwaka themanini na nne aliuziwa pikipiki ya wizi, akalala rumande kwa kosa lisilo lake, kwa hiyo safari hii hakutaka kubahatisha. Alikuja na fundi wake, Dena. Aliomba wakutane mchana, mbele ya posta ya Malindi, watu wakipita. Easter alikubali yote, akaongeza sharti lake moja: gari halijaribiwi bila yeye mwenyewe kuwa ndani.

Dena alijilaza chini ya gari, akatoka na doa la grisi kwenye paji la uso. Alisoma namba za injini kwa sauti. Randu alizifuata kwa kidole kwenye kitabu cha gari, tarakimu moja moja, hadi akafika kwenye jina.

"Huyu Musyoka ndiye...?"

"Mume wangu."

Walipozungumza kwa simu ya dukani, Easter alikuwa amemwambia tu kwamba mwenye gari hatalihitaji tena. Randu hakudadisi. Sasa alivua kofia.

"Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu."

Easter aliangalia viatu vyake. Kila aliyempa pole wiki hiyo alimwongezea uzito kifuani.

Waliendesha mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Randu alishika usukani, Dena akakaa kando yake. Easter alikaa nyuma, mahali ambapo miaka saba yote waliyokuwa na gari hilo hakuwahi kukaa, akatazama shingo ya mtu mgeni ikienda upande huu na huu. Wakiwa wamesimama kando ya barabara, Randu alifungua kijisanduku cha mbele, akatoa miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja.

"Nadhani hii ni ya marehemu," alisema taratibu, akampitishia.

Easter aliitia mkobani haraka, kama mtu aliyepewa kaa la moto.

"Usinielewe vibaya, mama," Randu aliendelea. "Wengine hungoja. Wengine huliacha gari uani mpaka kuku watagie ndani. Wewe umeharakisha."

"Ndugu zake wanafika Jumapili kutoka Machakos. Dada yangu alipofiwa, shemeji zake walibeba mpaka masufuria. Mimi nina watoto watatu, mwalimu."

Randu alitikisa kichwa kukubali. "Basi umefanya vyema."

Easter alitamani mwalimu angemgombeza.

Waliporudi mjini walimtafuta karani mmoja mwenye taipu, akawapigia mapatano nakala mbili: jina la muuzaji, la mnunuzi, namba za gari, tarehe, na kwamba limeuzwa lilivyo. Randu alisoma mara mbili. Kisha akaichukua fomu ya kuhamisha umiliki, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Sahihi hii imepinda sana."

"Alitia akiwa hospitalini. Mkono haukuwa na nguvu."

"Lakini alijua anatia nini?"

"Alijua," Easter alisema.

Huo ndio uongo pekee aliousema siku hiyo. Musyoka aliambiwa ni karatasi za wodi. Hakuwa na miwani. Aliuliza tu aandike wapi, na Easter akamwonyesha mahali kwa kidole.

Randu alitia sahihi yake, Dena akashuhudia. Walivuka barabara hadi benki, fedha zikaingia moja kwa moja dirishani kwa keshia, asibaki mtu na bahasha ya kuviziwa njiani. Bei ilikuwa ileile aliyoitaja Easter mwanzo. Randu hakuomba apunguziwe hata kidogo.

"Sibishani bei na mjane," alisema.

Easter alifungua mdomo. Nyuma yake watu kwenye foleni walikuwa wakisukumana. Aliufunga tena, akampa funguo zote mbili, akakunja nakala yake mara nne.

Gari liliwaka mara moja. Lilipokata kona karibu na soko, Randu alimpungia mkono kwa heshima, kama mtu anayetoka matangani.

Easter alipanda basi la saa nane. Alijikumbusha maneno ya daktari: ajiandae. Naye alikuwa amejiandaa, hakuna atakayesema hakujiandaa. Watoto wangekuwa na karo. Wale ndugu watano wa mumewe wangefika Jumapili wakute uani pamebaki alama za matairi tu, wapige kelele wachoke. Alilirudia hilo njia nzima, na njia nzima halikumtuliza. Aliposhuka alinunua machungwa mawili, kwa mazoea tu, akapita geti, akafuata ukumbi mrefu wenye harufu ya dawa, mpaka kitanda cha mwisho karibu na dirisha.

Musyoka alikuwa ameketi, bakuli la uji mkononi, akinywa mwenyewe.

"Mama Mumbua," alisema, akitabasamu, "daktari mwenyewe haamini. Ijumaa natoka. Uje na gari unichukue."