Msimbo wa Kuazima

Mkataba ulikataa tena. Fundi akapiga meza mpaka chai ikamwagikia kibodi, akaifuta kwa mkono wa shati huku akimlaani mtu asiyemjua hata kwa sura.

Mtu huyo ndiye aliyetunga msimbo. Waandishi wa mikataba ya blokcheni, ile inayojitekeleza yenyewe kwenye daftari la mtandaoni lisilofutika, hawaanzi kila kitu mwanzo. Huchukua vipande vilivyotungwa na wenzao, vikawekwa mtandaoni bure, wakaviunga na vyao. Nani asage unga wakati upo dukani? Fundi naye alichukua, na sasa alikuwa anajuta.

Shemeji yake, mume wa dada yake, aliandikisha nyumba kwenye mkataba wa namna hiyo uliotungwa na Fundi, ule ambao ukishawekwa hakuna awezaye kuubadilisha, hata aliyeuandika. Kila wiki mkataba humuuliza mwenye nyumba kama yupo. Akikaa kimya miezi mitatu mfululizo, nyumba inahamia kwa mkewe. Kipande chenyewe cha kuazima kilikuwa kifupi, hata mwanafunzi angekielewa.

Shemeji alikuwa kaburini mwaka wa pili huu. Fundi alikuwa miongoni mwa waliomshusha. Kimya gani tena kilitakiwa? Na bado mkataba uling'ang'ania: mwenye nyumba yupo.

Ndugu wa marehemu hawakungoja mkataba. Nyumba ina jina la kaka yetu, walisema, basi ni yetu. Walishaanza kuhamishia vitanda vyao.

Fundi akamwandikia mtunzi: "Msimbo wako mbovu. Unamhesabu maiti kuwa hai."

Jibu likaja upesi: "Watu wengi wanautumia na haujakosea. Muulize mwenye ufunguo wa kuujibu mkataba."

"Mwenye ufunguo nimemzika, mpumbavu wewe!" Akafuta tusi, akafikiri, akalirudisha, akatuma.

Akaujaribu msimbo kwenye mkataba wa majaribio. Ukafanya kazi barabara, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Kumbukumbu za majibu ya kila wiki hakuzigusa. Atafute nini humo, majibu ya maiti?

Dada yake akaingia bila kubisha, mkoba begani, macho mekundu.

"Wamebadilisha kitasa cha chumba cha watoto," alisema. "Wanangu wanalala sebuleni kama wageni. Wewe si uliniambia nyumba itakuja yenyewe?"

"Itakuja, dada."

"Lini? Nikishatupwa nje na masufuria yangu? Hebu niambie, huo mkataba wako unangoja nini hasa?"

"Ni mambo ya ndani ya msimbo. Nikianza kukueleza nitakuchosha bure."

"Ndiyo wimbo wako huo. Mlikaa wawili, wewe na mume wangu, mkayapika mnayoyajua wenyewe. Mimi nikaambiwa nilete chai."

Fundi aliona haya, lakini hasira ilimshinda. "Kosa si langu. Ni la mjinga mmoja huko mtandaoni. Haki ya nani, nitauchambua msimbo wake herufi kwa herufi mpaka akiri."

"Chambua basi, wanangu walale sakafuni," alisema dada.

Mkoba ukalia. Dada akaingiza mkono, akatoa simu ambayo Fundi hakuwahi kumwona nayo, kubwa, kioo kimepasuka pembeni. Akasoma. Uso ukamlainika kwa mara ya kwanza tangu aingie, akabonyeza taratibu kwa kidole gumba.

"Ya nani hiyo?" Fundi aliuliza.

"Ya shemeji yako. Sijaiacha izimike hata siku moja. Kila wiki inamuuliza kama bado yupo." Akajipangusa machozi kwa kiganja. "Namjibia yupo, mdogo wangu. Nikiinyamazia, ndipo atakuwa amekufa kweli."