Gari Lisilokunywa Pombe

Fundi alikwaruza mstari kwenye chupa ya kioo kwa ncha ya msumari, akamimina maji mpaka yakafika hapo. Kisha akaiinua ili mashahidi wake wawili waione vizuri.

"Petroli itakaa juu, maji chini," alisema. "Nikitikisa, pombe iliyochanganywa humo inakimbilia kwenye maji. Maji yakipanda kupita mstari huu, tutajua nani kaniulia mwanangu."

Mkaguzi wa mafuta, aliyeitwa kwa barua tatu, alihamisha faili kutoka kwapa moja hadi jingine. Mama Pampu, mwenye kituo cha mafuta kilicho kabla ya daraja, alikuwa amekuja bila kuitwa. Alisimama karibu na mlango wa gereji, mikono ameikunja kifuani, macho mekundu.

Gari lilikuwa juu ya jeki. Gari la kuagiza, la chini chini, lenye injini ya mbio. Lilipofika hapo mara ya kwanza lilikuwa chuma chakavu, na fundi na binti yake walilifufua kwa miaka miwili, yeye akiwa amelala chini yake, binti akimpa spana kabla hata hajaitaja. Siku lilipowaka walikumbatiana na grisi zao, majirani wakafikiri kuna harusi.

Wiki tatu zilizopita lilizimika darajani. Binti alishuka kulisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, na lori lililokuwa nyuma halikuwahi kushika breki. Tangu hapo gari lilikaa kituo cha polisi, na jana lilirudishwa likivutwa, betri imekufa, mlango wa dereva umekunjamana. Fundi hakuugusa mlango ule. Alipita upande wa pili.

Alifungua kwanza kifuniko cha tangi, hewa ipite, mafuta yashuke vizuri. Juu ya kimlango kidogo kinachofunika tundu la tangi palikuwa na kibandiko alichokiandika mwenyewe kwa kalamu nzito: *Halinywi pombe.* Chini yake binti alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake wa kulala: *Baba kasema.* Fundi alikisukuma kimlango mpaka mwisho ili asione maandishi.

Pombe ndilo jina aliloipa ethanoli, spiriti inayochanganywa kwenye petroli. Zamani, kabla binti hajazaliwa, aliwahi kufungua gari la mteja akakuta mipira ya mafuta imelainika kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Kuanzia siku ile aliapa. Binti alikuwa akimtania kwamba gari lao limeokoka, kilichobaki ni kulipeleka kwaya. Lakini alitii. Kituo cha petroli halisi kilikuwa ng'ambo ya daraja, mbali, na kila wiki alikwenda huko huko.

"Mzee," mkaguzi alisema kwa upole, "hata tukiikuta hiyo ethanoli, ni asilimia kumi tu. Nimesoma kitabu cha gari hili. Linaruhusiwa. Na mipira uliyoiweka wewe ni ya kisasa, hailiki."

"Kitabu hakijazika mtoto."

Mkaguzi aliinamia faili lake.

"Mwanangu hakuwahi kunivunjia neno," fundi aliendelea, sasa akimwangalia Mama Pampu. "Hata mara moja. Kwa hiyo hakununua uchafu wako kwa kujua. Ulimwambia ni halisi. Kamera ya duka la jirani yako imemwonyesha siku ile amesimama kwenye pampu yako. Bado unakataa?"

"Alisimama, sikatai." Sauti ya Mama Pampu ilikuwa imekauka. "Akanisalimia, shikamoo mama. Akasoma maandishi kwenye pampu, kwamba ina ethanoli. Akaondoka. Sikumuuzia hata tone, ndugu yangu."

"Mtu anaingiza gari kituoni ili akusalimie?"

"Tangu siku ile silali," alisema Mama Pampu.

"Utalalaje! Njia ya mwongo ni fupi, mama. Yako inaishia hapa, kwenye chupa hii."

Alilala chali juu ya gunia, akajivuta chini ya gari kama alivyofanya maelfu ya mara. Bila kufikiri alinyoosha mkono kando, kiganja wazi, akingoja spana. Ulikaa hapo, wazi, kwa muda mrefu. Mkaguzi aligeuka akatazama ukutani. Mama Pampu ndiye aliyeinama, akapapasa kwenye sanduku la vifaa, akamwekea mkononi ile aliyodhani ndiyo. Haikuwa yenyewe. Fundi aliirudisha, akajitafutia mwenyewe.

Nati ya chini ya tangi ilikuwa imekaza. Aliigonga, akaizungusha, akaweka chupa usawa wa tundu.

"Mkaguzi, tazama kwa macho yako," alisema kutoka chini. "Uandike kila kitu."

Nati ilitoka.

Mkaguzi alipiga magoti, kalamu tayari. Walingoja. Fundi aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa, akakinusa. Akaligonga tangi kwa ngumi, huku na huku, nalo likalia kama debe tupu. Ndani ya chupa maji yalikuwa bado yametulia pale pale kwenye mstari.

Mama Pampu alikwenda upande wa pili wa gari na kukirudisha taratibu kile kimlango cha tangi, na maandishi yakatokea tena, mwandiko wa baba juu, wa binti chini: *Halinywi pombe. Baba kasema.*