Wiki Moja ya Kizuizi

Siku baraza la mji liliposhusha kizuizi barabarani na kuanza kutoza magari kwa majaribio, magari yalipungua, na Bi Zamda alimsikia shoga yake akikohoa ng'ambo. Miaka kumi na mitano walikuwa wakipungiana mikono tu, kila mmoja kwenye kibaraza chake, maana magoti hayakuwaruhusu kuvuka na honi zilimeza kila neno.

“Chausiku! Kumbe sauti yako ni ileile!”

“Na wewe kelele zako ni zilezile!”

Wakapiga soga wiki nzima. Chausiku alikuwa amefika patamu katika kisa cha harusi yake, ndipo diwani akaja na mafundi kung'oa kizuizi.

“Mbona mnaking'oa?” Bi Zamda aliuliza.

“Uchaguzi umekaribia, mama, na wananchi wameikataa tozo.” Akamwonyesha karatasi ya malalamiko. “Si hili hapa dole lako? Mwezi uliopita, tozo ilipotangazwa, ulikuwa wa kwanza kuweka.”

“Mliniambia nauli itapanda!”

Diwani alishaondoka. Ng'ambo, Chausiku aliendelea kusimulia, mikono ikipanda na kushuka. Lori la kwanza likapita katikati yao. Lilipokwisha kupita, Chausiku alikuwa anacheka, akimsubiri mwenzake naye acheke.