Ulimi wa Bi Mwanakheri

Siku hizi dawa ya kutuliza kinga ya mwili, aina ya ukungu, huoteshwa kwenye ulimi wa ndugu, na mgonjwa hupewa mbichi. Kwa hiyo Raya, ambaye mwili wake haukomi kulishambulia jicho lake, hulambwa jicho hilo kila asubuhi na mama mkwe wake, Bi Mwanakheri. Asipolambwa atapofuka. Leo tena ulimi ule ukapita, wa moto, wenye ukungu mweupe, unanuka tambuu ya jana. Kinyaa hakizoeleki.

“Vumilia, mwanangu,” Bi Mwanakheri alisema, akijipangusa mate. “Nami nimezeeka. Ndiyo maana nimeshampandikiza mjukuu wangu.”

Raya akafumbua jicho. Lilikuwa zima, likiona kila kitu. Fatna, bintiye, alisimama mbele yake, ulimi nje, umeota manyoya meupe, akingoja kusifiwa.