Damu ya Wifi

Bibi alipofumbua macho baada ya kuwekewa goti jipya, hakuliulizia goti. Alimuuliza nesi, "Mmenitia damu ya wifi yangu?"

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, ndiye pekee katika ukoo ambaye damu yake ilimfaa. Walikuwa hawasalimiani, na wifi alijulikana kwa ulimi wake mkali. Bibi alijua akiongezwa hata tone moja, atasimangwa mpaka kaburini.

"Hatukukuongeza, bibi. Daktari alikuchoma dawa ili damu isipotee nyingi. Yako imekutosha."

Bibi akacheka kimoyomoyo. "Kitendawili."

"Tega."

"Mtungi umevunjwa, maji yamebaki humo humo."

"Goti lako hilo," nesi alisema.

Mlango ukafunguliwa. Wifi akaingia taratibu, plasta ya pale alipotolewa damu ingali mkononi, macho yamevimba kwa kulia. Akaushika unyayo wa bibi, akaupapasa kama anayepima joto la mtoto.

"Sasa damu yangu inatembea humu," alisema. "Tutanuniana vipi tena, wifi?"

Nesi akafungua kinywa amweleze. Bibi akamfinya kidole.

"Ndiyo maana," bibi alisema, "nimeamka ulimi unaniwasha."